Juu ya Mshale: Uhakiki wa Fani ya Maandishi ya Sukari na Metali

C₆H₁₂O₆ + H₂ → C₆H₁₄O₆

Mstari huo mmoja umebeba kiwanda kizima. Kushoto ni glukosi na haidrojeni. Kulia ni sorbitoli, dutu tamu iliyomo kwenye dawa ya meno, dawa za maji za kikohozi na chingamu zisizotiwa sukari. Ndiyo pia hatua ya kwanza ya njia ya kutengeneza vitamini C aliyoibuni Tadeusz Reichstein katika miaka ya 1930. Mstari umepimwa kama ubeti wa arudhi. Hesabu kaboni: 6 kwa 6. Hesabu haidrojeni: 14 kwa 14. Oksijeni hazikuguswa. Hata uzito unakubali, kwani 180 na 2 huleta 182, yaani tani moja ya glukosi inataka kilo 11 hivi za haidrojeni. Ni fani fupi, safi, isiyo na herufi ya ziada, na ninaelewa kwa nini walimu wa kemia wanaipenda.

Lakini mstari huo ukiachwa peke yake haufanyi kazi. Yeyusha glukosi katika maji, jaza haidrojeni juu yake, funga chombo, na utasubiri bure. Kinachoutimiza ni metali: nikeli, rutheni au platinamu, iliyotawanywa katika chembe ndogo mno, nyingi zikiwa na upana wa nanomita chache tu. Juu ya uso wa chembe hizo molekuli ya haidrojeni hupasuka vipande viwili, na sukari iliyokaribia hapo huvipokea. Desturi ya uandishi wa kemia ni kuiweka metali hiyo juu ya mshale, kwa herufi ndogo, pamoja na joto na kanieneo. Mara nyingi haiwekwi kabisa.

Nataka kuisoma desturi hiyo kwa makini, kama tunavyosoma fani ya utenzi au ya riwaya. Fani huamua kipi kitaonekana na kipi kitasahauliwa, na hilo ni kweli kwa mlinganyo wa kemia kama lilivyo kweli kwa hadithi. Katika elimu hii ya kugeuza sukari za mimea kuwa kemikali za kazi, kilichosahauliwa na mshale ni wakati. Mshale hauna saa, hauna jana wala kesho, na kwa hiyo mhusika wake mkuu hazeeki.

Mshale huo una ukoo. Wilhelm Ostwald, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1909, alikifafanua kichocheo kuwa kitu kinachobadili kasi ya mmenyuko bila chenyewe kuonekana katika mazao yake. Miaka mitatu baadaye tuzo hiyo ilimwendea Paul Sabatier wa Toulouse, Ufaransa, aliyeshirikiana na Jean-Baptiste Senderens tangu mwishoni mwa karne ya 19 kutia haidrojeni katika dutu mbalimbali kwa kutumia nikeli. Sabatier aliiona metali kwa jicho jingine. Alisema hushikana na vitu vinavyomenyuka, hufanya navyo muungano wa muda, kisha huviachia. Kwa Ostwald kichocheo ni shahidi aliyesimama kando ya tukio. Kwa Sabatier ni mhusika aliyeingia ndani yake, akashika na kushikwa. Kemia ya leo, kwa maudhui, imemfuata Sabatier bila ubishi. Kwa fani imebaki na Ostwald: metali iko pale pale juu ya mshale, nje ya mizani, haihesabiwi kushoto wala kulia.

Tuchukue andiko moja tulichambue. Mwaka 2006 Atsushi Fukuoka wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, na mwenzake Paresh Dhepe walichapisha makala fupi katika jarida la Angewandte Chemie. Walichoonyesha ni kwamba selulosi, ile dutu ngumu inayojenga kuta za chembehai za mimea, inaweza kugeuzwa kuwa sorbitoli ndani ya chombo kimoja. Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Waliiweka katika maji yenye joto la nyuzi 190 za Selsiasi, chini ya haidrojeni yenye kanieneo ya megapaskali 5, takriban mara 50 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, kwa saa 24. Kichocheo bora kati ya walivyovijaribu kilikuwa platinamu juu ya alumina. Mavuno yalikuwa asilimia 31: sorbitoli 25 na manitoli 6.

Kwa fani ya kawaida safari hiyo huandikwa kwa mishale miwili iliyofuatana. Mshale wa kwanza: maji na asidi hukata mnyororo, glukosi inapatikana. Mshale wa pili: metali hutia haidrojeni, sorbitoli inapatikana. Ukiisoma hivyo utadhani ni kazi mbili za utulivu, moja ikimaliza nyingine ikaanza. Mambo yalivyo ndani ya chombo ni tofauti kabisa. Glukosi iliyokwisha kukatwa haiwezi kustahimili maji ya nyuzi 190. Ikichelewa kidogo huanza kupoteza maji yake, huungana ovyo na wenzake, na mwisho wake ni tope la kahawia lisilo na kazi. Kwa hiyo kuna mashindano. Upande mmoja ni chembe ya platinamu inayotakiwa kuidaka glukosi mara tu inapozaliwa na kuifanya sorbitoli, ambayo ni tulivu zaidi na inaustahimili moto ule. Upande wa pili ni uharibifu. Ustadi wote wa ugunduzi wa Fukuoka na Dhepe umo katika kuweka kukata na kudaka mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mhakiki wa fasihi angesema hapo ndipo taharuki ya hadithi ilipo. Mishale miwili imeiondoa taharuki yote.

Sasa tazama ile asilimia 6 ya manitoli. Sorbitoli na manitoli zina fomula ile ile, C₆H₁₄O₆. Glukosi nayo ina fomula ile ile na fruktosi. Mstari niliouanza hauwezi kuzitofautisha, kwa kuwa unahesabu atomi na haujali zimekaaje. Manitoli ile yaelekea ni ushahidi kwamba sehemu ya glukosi ilikawia njiani na kubadili umbo kabla ya kupokea haidrojeni. Kwa maneno mengine, wakati uliofichwa na mshale umetoroka na kujitokeza katika jedwali la matokeo, kama namba ndogo ambayo wasomaji wengi huipita haraka.

Kuna alama nyingine ninayotaka kukaa nayo muda mrefu zaidi: Pt/γ-Al₂O₃. Ndivyo kichocheo kilivyoandikwa. Kushoto kwa mkwaju ni metali, kulia ni kiegemeo chake, alumina ya aina ya gama, unga mweupe wenye vinyweleo vingi ambao kazi yake ni kuzishikilia chembe za platinamu zisikutane. Mkwaju ni alama ndogo iliyobeba dai kubwa. Unasema kwamba kitu hiki kiko juu ya kile, na kwamba vyote viwili vimetulia. Alama hiyo ilizoeleka katika kemia ya petroli, ambako gesi kavu zilipita juu ya alumina kwa miongo mingi na alumina ikabaki kuwa alumina.

Sukari haziji kama gesi. Zikipashwa joto huungua kabla ya kuchemka, kwa hiyo hufanyiwa kazi ndani ya maji, tena maji ya moto. Mwaka 2011 kundi la Carsten Sievers, wa Georgia Tech huko Marekani, lilichapisha matokeo ambayo kila mwandishi wa alama ile angepaswa kuyakumbuka: alumina ya gama ikiachwa katika maji ya nyuzi 200 hugeuka kuwa boimaiti, madini mengine yenye umbo lingine na uso mdogo zaidi, ndani ya saa 10. Chembe za metali juu yake huchelewesha mageuzi hayo, lakini haziyazuii. Kiegemeo kikisinyaa, chembe za metali husogeleana na kuungana.

Rudi sasa kwenye makala ya 2006 na uisome alama upya. Nyuzi 190, maji, saa 24. Alama ya Pt/γ-Al₂O₃ iliyo juu ya mshale ni jina la kitu kilichoingia chomboni. Kama kilichotoka kingestahili jina lile lile ni swali ambalo fani yenyewe haina nafasi ya kuliuliza. Siwalaumu waandishi, waliotumia lugha waliyoikuta, na kazi yao imestahimili. Tena maudhui yana mgeuko mzuri zaidi ya huo. Kundi lile lile la Sievers lilionyesha baadaye kwamba gliseroli na sorbitoli zikiwemo katika maji hujishikiza kwenye uso wa alumina na kuikinga isigeuke, ingawa tabaka hilo hilo linaweza pia kuziba sehemu za metali. Fikiria maana yake: zao la mmenyuko linaweza kurudi kukilinda kiegemeo cha kichocheo kilichozalisha zao hilo, na wakati huo huo kukikaba. Kulia kwa mshale kunagusa juu ya mshale. Hakuna namna ya kuliandika jambo hilo katika mstari unaokwenda upande mmoja tu, na ndiyo sababu nasema udhaifu uko kwenye fani.

Waandishi wenyewe wanajua kwamba wakati ni lazima utajwe. Kwa hiyo imezuka desturi nyingine, karibu kila makala inayo: grafu ya nguzo tano. Kichocheo kinatumika, kinachujwa, kinaoshwa, kinarudishwa chomboni, mara tano mfululizo. Kila mara nguzo moja inachorwa, na nguzo zote tano zinakaribia kulingana, asilimia 99, 99, 98, 99, 98. Chini yake sentensi inatangaza kwamba kichocheo ni imara. Kifani ni takriri, na takriri ina nguvu ya kushawishi. Jicho likiona kitu kimoja mara tano linaamini kwamba hakibadiliki.

Lakini jicho linaweza kudanganyika. Tuchukue mfano rahisi. Tuseme metali iliyowekwa chomboni inaweza kuimaliza sukari yote kwa saa 1, lakini mtafiti anasubiri saa 4 kabla ya kufungua. Kama mmenyuko unakwenda kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, kichocheo kinaweza kupoteza robo tatu ya nguvu zake na bado sukari yote itakuwa imekwisha saa ya nne inapogonga. Nguzo ya kwanza na ya tano zitalingana, huku kifo kikiwa kimekwisha kuanza. Wataalamu wa vichocheo wameusema udhaifu huu mara nyingi: uimara upimwe wakati sukari haijaisha, kwa kulinganisha kasi. Grafu ya nguzo tano inapima mwisho wa safari na kukaa kimya kuhusu mwendo. Naiona kuwa fani mbovu, na ubovu wake ni mkubwa kuliko wa mshale, kwa sababu mshale haukuahidi kusema habari za wakati, na grafu hii imeahidi.

Andiko jingine lililouacha wakati nyuma ya mishale ni la serikali. Agosti 2004 Wizara ya Nishati ya Marekani ilitoa ripoti iliyohaririwa na Todd Werpy na Gene Petersen, ikiorodhesha kemikali 12 kutoka sukari zilizostahili kujengewa viwanda. Walianza na zaidi ya 300, wakapunguza hadi 30, kisha 12. Sorbitoli imo, asidi ya levuliniki imo, asidi ya furani yenye kaboksili mbili imo. Ripoti hiyo inakiri wazi kwamba imeiga ramani ya viwanda vya petroli: malighafi chache, kemikali mama, na mishale mingi inayotawanyika kuelekea bidhaa. Maisha ya kichocheo yanatajwa, lakini katika majedwali ya vikwazo, mbali na michoro. Michoro ndiyo iliyosafiri. Imechorwa upya katika makala na mihadhara isiyohesabika, na majedwali yamebaki nyuma.

Kuiga ramani ya petroli kulikuwa na gharama ya kimaudhui pia. Petroli haina oksijeni ya kutosha, kwa hiyo kemia yake ni ya kuongeza. Zaidi ya nusu ya uzito wa glukosi ni oksijeni, kwa hiyo kemia yake kwa sehemu kubwa ni ya kupunguza bila kubomoa. Na metali zinazofanya kazi hiyo vizuri ni adimu. Sehemu kubwa ya platinamu na rutheni ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, katika miamba ya Bushveld, na rutheni hupatikana huko kama zao la pembeni la platinamu. Hakuna mshale hata mmoja katika ile ramani unaoanzia mgodini. Kama chembe zitadumu miaka, kimya hicho kinavumilika. Kama zitachakaa baada ya wiki mbili, mgodi ni sehemu ya mlinganyo.

Andiko lililonipa imani kwamba fani bora inawezekana lilitoka Milano mwaka 2004. Michele Rossi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Milano walikuwa wakitumia dhahabu kuiongezea glukosi oksijeni ili iwe asidi ya glukoniki, kazi wanayoifanya pia vimeng'enya vya kuvu. Dhahabu kipande ni metali mvivu. Dhahabu ya chembe za nanomita chache ina bidii ya kushangaza, kama Masatake Haruta wa Japani alivyoonyesha kwa gesi katika miaka ya 1980. Swali la Milano lilikuwa: je, bidii hiyo inatoka kwa dhahabu yenyewe, au ni zawadi ya kiegemeo? Wakaondoa kiegemeo. Wakatengeneza chembe za dhahabu zenye kipenyo cha wastani cha nanomita 3.6, kila moja ikiwa na atomi zipatazo 1,400 kwa hesabu yangu, wakaziacha zielee katika maji pamoja na sukari bila kushikwa na kitu.

Matokeo yake yanasomeka kama hadithi, kwa sababu yanaandikwa dhidi ya wakati. Mwanzoni dhahabu tupu inakwenda sambamba na dhahabu iliyowekwa juu ya kaboni. Kasi ni karibu moja. Hapo swali limejibiwa: bidii ni ya dhahabu. Kisha, ndani ya dakika chache, mistari miwili inaachana. Dhahabu yenye kiegemeo inaendelea kupanda. Dhahabu tupu inalala, kwa kuwa chembe zake zimegongana, zimeshikana na kunenepa, na uso wa kufanyia kazi umepungua. Walipima pia kwamba nguvu hupungua kipenyo kinapoongezeka, na kwamba kufikia nanomita 10 karibu hakuna kitu.

Angalia grafu hiyo imefanya nini kwa ule mkwaju. Kwa kumwondoa mhusika wa pili wametuonyesha kazi yake: kiegemeo hakikuipa dhahabu kipaji, kiliipa umri. Mkwaju unakoma kuwa alama ya mahali na kuwa alama ya muda. Maana yote hiyo imetokana na uamuzi mmoja wa kifani, kuweka saa kwenye mhimili wa chini na kuiacha chembe ife mbele ya msomaji. Waandishi walioficha kifo hicho kwa nguzo tano walikuwa na mali ya thamani mikononi mwao wakaitupa. Kwangu makala ya Milano ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja, ingawa mavuno yake kwa kipimo cha kiwanda hayakuwa kitu.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi, nchini Tanzania, huyachoma makapi ya miwa kwenye boila ili kupata mvuke na umeme. Mhandisi akiambiwa kwamba selulosi iliyomo ndani ya makapi hayo inaweza kuwa sorbitoli, au glikoli ya ethilini kama walivyofanya Zhang Tao na wenzake wa Dalian, China, mwaka 2008 kwa nikeli na kabidi ya tangisteni, wakapata asilimia 61, swali lake la kwanza halitakuwa asilimia. Atauliza kichocheo kinadumu saa ngapi, tena kikilishwa makapi yenye mchanga na chumvi za udongo, wakati maabara nyingi hutumia selulosi safi ya kununua. Maandishi mengi aliyowekewa mezani hayataweza kumjibu.

Kwa hiyo naomba wanaofundisha kemia kwa Kiswahili na wanaoiandika magazetini wasirithi mshale bila kuupekua. Mwalimu akiandika ule mstari wa sorbitoli ubaoni, aandike juu yake jina la metali, ukubwa wa chembe, na saa ilizofanya kazi kabla ya kuchoka. Na makala yoyote itakayotangaza kichocheo kipya cha sukari ikiwa na nguzo tano zilizolingana, bila grafu ya kasi dhidi ya muda iliyopimwa sukari ikiwa bado ipo chomboni, irudishwe kwa mwandishi wake akaikamilishe.